Umeme wa moyo ukipiga shoti: Madaktari hufanyaje tiba ya mrija inapokwama?

Chukulia uko Ngumbo, mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma. Ni asubuhi, uko ufukweni unaanika dagaa. Unainama kuokota ndoo, na ghafla moyo unaanza kwenda mbio kama vile umepanda mlima kwa kukimbia. Shingo inadunda, miguu inaisha nguvu, kijasho chembamba kinatoka. Baada ya dakika 20, kama mtu aliyezima swichi, kila kitu kinatulia.

Unafika zahanati. Nesi anakushika mkono, anahesabu: mapigo 80 kwa dakika. "Mama, mbona uko sawa tu?" Unarudi nyumbani na panadol. Mwezi unaofuata, yaleyale.

Wapo wanaoambiwa ni mawazo. Wapo wanaoambiwa ni presha. Na wapo wanaopelekwa kwa mganga kwa sababu ndugu wameamini wamerogwa. Lakini kuna jibu jingine ambalo wengi hawalijui: hitilafu kwenye mfumo wa umeme wa moyo.

Habari njema ni kwamba aina nyingi za hitilafu hizi zinatibika, tena bila kupasua kifua. Daktari anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi ndani ya moyo, anatafuta sehemu yenye shoti na kuichoma. Kwa Tanzania, tiba hii inafanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam.

Sasa, kusema ni rahisi. Ndani ya chumba cha matibabu mambo huweza kukwama: mrija haupiti, shoti haionekani, moto haufiki. Hapa tunaeleza vikwazo hivyo na namna madaktari wanavyovivuka. Na kuna kikwazo kimoja ambacho si cha daktari. Hicho kinaanzia Ngumbo, na simu yako inaweza kusaidia kukivuka.

Moyo una umeme?

Ndiyo. Juu kabisa ya moyo, upande wa kulia, kuna kituo kidogo kinachozalisha umeme. Mtu mzima akiwa ametulia, kituo hicho hurusha kati ya mara 60 na 100 kwa dakika.

Umeme huo husambaa kwenye vyumba vya juu, kisha hupita kwenye kituo cha kati. Hapo husubiri kidogo sana, halafu hushuka kwenda vyumba vya chini, navyo husukuma damu mwilini. Kwa moyo wenye afya, hiyo ndiyo barabara pekee ya umeme kutoka juu kwenda chini.

Tatizo huanza pale panapokuwa na njia ya panya. Kuna watu huzaliwa na kiuzi cha ziada kinachounganisha juu na chini. Wengine, na hasa wanawake, wana njia mbili kwenye kituo cha kati badala ya moja. Umeme ukishuka kwa njia moja na kupanda kwa nyingine, unaanza kuzunguka kama pikipiki kwenye mzunguko wa barabara isiyopata pa kutokea. Mapigo yanaruka hadi 150, 180, hata zaidi ya 200 kwa dakika.

Mara nyingi hali hii haiui. Lakini mvuvi akizimia akiwa peke yake kwenye mtumbwi, au dereva wa bodaboda akizimia kwenye kona, shida haihesabiki kwa mapigo tena. Na kwa baadhi ya watu wenye kiuzi cha ziada, mapigo yanaweza kuvurugika kiasi cha kuhatarisha maisha.

Tiba yenyewe ikoje?

Mgonjwa analala kitandani, anapigwa ganzi kwenye kinena na mara nyingi anapewa dawa ya kumtuliza. Daktari anatoboa tundu dogo kwenye mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, kisha anaingiza mirija yenye unene wa takriban milimita 2. Anaifuatilia kwenye skrini ya eksirei hadi iingie ndani ya moyo.

Kila mrija una vipande vidogo vya chuma kwenye ncha vinavyosoma umeme wa mahali ulipogusa. Hivyo daktari anaona umeme umeanzia wapi, umepita wapi na umerudi kwa njia gani.

Akiipata njia ya panya, anapitisha nishati ya mawimbi ya redio kwenye ncha ya mrija. Nyama ya moyo inapopata joto la zaidi ya nyuzi 50 kwa muda, seli zake hufa na hazipitishi umeme tena. Kovu linalobaki ni dogo, la milimita chache tu.

Zamani haikuwa hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari nchini Marekani walitumia mrija kupiga shoti kubwa ya umeme ndani ya moyo. Ilifanya kazi, ila nguvu yake ilikuwa ngumu kuidhibiti na mgonjwa alilazimika kulazwa usingizi kabisa. Miaka michache baadaye yakaja mawimbi ya redio, ambayo huchoma taratibu na yanaweza kusitishwa muda wowote.

JKCI ilianza kazi mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili. Miaka hii ya 2020 ilifungiwa mtambo uitwao Carto 3, unaochora ramani ya moyo kwa pande zote tatu. Unaweza kuuita Google Maps ya moyo: ncha ya mrija inaonekana kwenye ramani kila inaposogea, bila kuwasha eksirei muda wote. Hiyo humpunguzia mionzi mgonjwa, na daktari na manesi pia.

Haya, twende kwenye vikwazo.

1. Mapigo yanagoma kuja

Hiki kinashangaza wengi. Mgonjwa amesumbuliwa miaka mitano, amesafiri siku nzima, amelala kitandani, na moyo unapiga vizuri kabisa. Daktari hawezi kuchoma asichokiona.

Anachofanya ni kuuchokoza moyo. Kupitia mirija ileile anatuma vipigo vidogo vya umeme kwa mpangilio maalumu, akitafuta kuamsha ule mzunguko. Ukigoma, anaongeza dawa inayofanya moyo uamini kwamba mwili unakimbia. Wakati mwingine anapunguza dawa ya usingizi, kwa sababu usingizi mzito unaweza kuzima shoti yenyewe.

Ndiyo maana pia mgonjwa huambiwa aache dawa za kutuliza mapigo siku chache kabla. Usiziache kwa uamuzi wako. Subiri daktari akuambie ni ipi na lini.

2. Mrija haupiti

Mishipa ya watu haifanani. Kuna iliyopinda, kuna myembamba, na kuna wachache ambao mshipa mkubwa wa tumboni haufiki kwenye moyo kwa njia ya kawaida. Walizaliwa hivyo na hawakuwahi kujua.

Kwanza, daktari hutumia ultrasaundi kuuona mshipa kabla ya kutoboa, ili sindano isiende kwenye mshipa mwingine. Pili, akikutana na kona hupitisha waya laini unaoteleza, kisha mrija unaufuata. Njia ya chini ikishindikana kabisa, anaweza kuingilia shingoni au karibu na bega.

Shoti ikiwa upande wa kushoto wa moyo, kazi inaongezeka. Daktari anaweza kuingia kupitia mshipa unaotoa damu kwenye moyo, au kutoboa tundu dogo kwenye ukuta kati ya vyumba viwili vya juu. Kutoboa huko kunahitaji mkono wenye uzoefu, na hospitali nyingi hutumia ultrasaundi ya moyo kuongoza sindano.

3. Ncha haitulii

Jaribu kuandika jina lako ukiwa kwenye mtumbwi wakati ziwa limechafuka. Daktari anafanya kazi inayofanana na hiyo. Moyo unadunda, mapafu yanapanda na kushuka, na ncha ya mrija inateleza.

Ncha ikiteleza, moto unaishia kwenye damu, na damu inayotembea huondoka na joto lote. Kinachobaki ni kidonda kisichotosha: shoti inalala leo, inaamka baada ya wiki mbili.

Suluhisho la kwanza ni ala ndefu na ngumu kidogo, ambayo mrija hupita ndani yake ukapata egemeo. La pili ni kubadili aina ya mkunjo wa mrija. La tatu halina gharama: kumwambia mgonjwa apumue taratibu bila kuvuta pumzi ndefu. Mirija mipya ina kihisi kinachopima kwa gramu ncha inagandamiza ukuta kwa nguvu kiasi gani. Ikigusa kidogo mno haichomi vizuri, ikigandamiza mno inaweza kutoboa.

4. Moto haufiki

Wakati mwingine ncha imetulia vizuri, ila mtambo unapunguza nguvu wenyewe. Sababu ni kwamba ncha imepata joto kali upesi, na mtambo umewekewa kikomo cha usalama. Damu ikichemka kwenye ncha inaganda, na donge la damu likisafiri hadi kwenye ubongo linaweza kuleta kiharusi.

Hapa kuna mirija yenye vitundu vinavyotoa maji ya chumvi wakati wa kuchoma. Maji hayo yanaipoza ncha, na nguvu inapata nafasi ya kuingia ndani zaidi ya nyama. Maji hayo lakini huingia mwilini, kwa hiyo mwenye moyo dhaifu lazima ahesabiwe kiasi alichopewa.

5. Shoti iko jirani na kituo cha kati

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa. Unakumbuka kile kituo cha kati, barabara pekee halali ya umeme? Kuna njia za panya zilizo milimita chache tu kutoka hapo. Ukikichoma kituo kwa bahati mbaya, umeme wa juu haushuki tena, na mgonjwa atahitaji betri ya moyo maisha yake yote.

Kwa aina ile ya njia mbili ndani ya kituo, hatari hii kwa kawaida huwa chini ya mtu mmoja kwa kila 100. Ni ndogo, lakini kwa kijana wa miaka 20 si jambo la kupuuza.

Daktari huanza na nguvu ndogo huku macho yakiwa kwenye skrini. Dalili moja tu ya kituo kusumbuka, anakata moto papo hapo. Duniani kuna pia mirija ya baridi: inapoza sehemu hadi karibu nyuzi 30 chini ya sifuri kama jaribio. Umeme wa kituo ukianza kusuasua, baridi inaondolewa na nyama inarudi kama ilivyokuwa. Mambo yakiwa sawa, ndipo baridi inaongezwa ili kuua kabisa njia ile.

Na kuna wakati uamuzi bora ni kuacha. Mgonjwa anaendelea na dawa. Hilo nalo ni tiba.

6. Kelele kwenye skrini

Kikwazo hiki fundi umeme yeyote atakielewa. Umeme wa moyo unaosomwa na mrija ni mdogo sana, wa sehemu za elfu za volti. Umeme wa ukutani ni volti 230, unaotikisika mara 50 kwa sekunde. Waya mmoja usiokaa vizuri, pampu ya dawa au kitanda chenye mota vinatosha kuijaza skrini mistari ya ovyo.

Kinachofanyika ni kazi ya uvumilivu. Nyaya zinakaguliwa moja moja, vifaa visivyohitajika vinachomolewa ukutani, mrija unabadilishwa, na waya wa ardhini unaangaliwa. Mtambo wenyewe lazima uwe na betri za akiba na jenereta, maana umeme wa TANESCO ukikatika mrija ukiwa ndani ya moyo, hakuna muda wa kusubiri.

Ramani nayo inaweza kuhama. Mgonjwa akijigeuza hata kidogo, alama zote zinakaa mahali pasipo pake. Mtaalamu hulinganisha ramani na sehemu anazozijua, na ikibidi anachora upya. Ndiyo maana unaambiwa usisogee.

Mambo yakiharibika je?

Kila tiba ina hatari zake. Mara chache mrija hutoboa ukuta wa moyo na damu kujaa kwenye mfuko unaouzunguka. Presha inashuka ghafla. Timu iliyojiandaa hugundua haraka kwa ultrasaundi, inaingiza sindano chini ya kifua na kuivuta damu ile. Kuna pia uvimbe au damu kuvuja pale pajani, ambako mara nyingi huisha kwa kugandamizwa na kupumzika.

Kwa hitilafu hizi mbili tulizozieleza, mafanikio ni makubwa: kwenye vituo vyenye uzoefu ni karibu watu 95 kati ya 100 au zaidi, ingawa wachache hurudiwa na kuhitaji kuchomwa tena. Zipo hitilafu nyingine ngumu zaidi, hasa ile ambayo vyumba vya juu vinatetemeka ovyo bila mpangilio. Kwa hiyo, ukiambiwa "tutarudia" usidhani umefanyiwa uzembe. Daktari anayesimamisha kazi kabla ya kuleta madhara amefanya jambo sahihi.

Kikwazo cha kwanza kiko nyumbani

Turudi Ngumbo. Kutoka pale hadi chumba chenye mtambo ni safari ndefu: Mbamba Bay, kisha kilomita 66 za lami hadi Mbinga, kisha Songea, halafu zaidi ya kilomita 900 kwenda Dar es Salaam. Mtu hafungi safari hiyo kwa kusema tu "moyo unaenda mbio." Anahitaji ushahidi.

Ushahidi ni karatasi moja ya kipimo cha umeme wa moyo, maarufu kama ECG, iliyopigwa wakati mapigo yanaenda mbio. Karatasi hiyo inamwonyesha daktari bingwa ni hitilafu ya aina gani, na mara nyingi iko upande gani wa moyo. Kile kikwazo namba 1, mapigo yanapogoma kuja, kinakuwa chepesi zaidi ukiwa nayo.

Unachoweza kufanya:

Hesabu mapigo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Hesabu kwa sekunde 15 ukitumia saa ya simu, kisha zidisha kwa 4. Ukipata zaidi ya 150 ukiwa umekaa tu, hilo si la mawazo.

Andika kwenye simu. Tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, mapigo yalianza ghafla au polepole, yalichukua dakika ngapi, ulizimia au la. Ghafla kuanza na ghafla kuisha ni dalili muhimu sana.

Nenda hali ikiwa bado inaendelea. Usisubiri ipoe. Nenda kituo chenye ECG. Mwambao huu una hospitali ya misheni ya Liuli, na juu kuna Peramiho na hospitali ya rufaa ya mkoa Songea. Piga simu kwanza kuuliza kama mashine inafanya kazi siku hiyo.

Omba ECG kabla ya sindano. Kama hujazidiwa, waombe wahudumu wapige kipimo kabla ya kukupa dawa ya kushusha mapigo, na waache mashine ichapishe wakati dawa inaingia. Ukiwa na hali mbaya, matibabu yatangulie.

Piga picha karatasi hiyo. Karatasi za ECG hufifia kwa jua na joto. Picha iliyonyooka, yenye mwanga mzuri, inaweza kumfikia bingwa kwa WhatsApp kabla wewe hujapanda basi.

Mapigo yakiwa yametulia, omba ECG hivyohivyo. Baadhi ya watu wenye kiuzi cha ziada huonyesha alama yake hata wakiwa wametulia.

Vipi kuhusu kuyazima mwenyewe? Ipo mbinu ambayo mhudumu wa afya anaweza kukufundisha. Unakaa ukiwa umeegemea, unapuliza kwa nguvu kwenye bomba la sindano la mililita 10 kwa sekunde 15, kisha unalazwa chali na miguu yako kuinuliwa kwa sekunde 15. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2015 ulionyesha mbinu hii ilirudisha mapigo kwa asilimia 43 ya wagonjwa, dhidi ya asilimia 17 kwa kupuliza bila kuinuliwa miguu.

Ukizimia, ukipata maumivu ya kifua au pumzi ikikata, achana na mbinu zote. Hiyo ni dharura. Na kama wewe ni mvuvi mwenye tatizo hili, usiingie ziwani peke yako hadi utibiwe.

Maswali ya kumuuliza daktari

Ukipata rufaa, usiogope kuuliza. Shoti yangu iko karibu na kituo cha kati? Nisipochomwa, dawa zitanitosha? Dawa zipi niache, na lini? Ikishindikana mara ya kwanza, mpango ni upi? Na kabla hujapanda basi, uliza bima yako inalipia nini na wewe utalipa nini, kwa sababu mirija hii ni ya gharama.

JKCI pia imekuwa ikipeleka mabingwa mikoani kupitia huduma ya tiba mkoba. Ukisikia wanakuja Ruvuma, beba ile karatasi ya ECG, au picha yake kwenye simu. Itamwambia bingwa yale ambayo nesi wa zahanati hakuyakuta siku ile aliposema uko sawa tu.